Milisekunde Kumi na Tisa

Watu wengi wa Old Moshi walimfahamu Yuditha kama fundi wa redio, maana miaka ya tisini ndiye aliyezifufua redio zao. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa simu mjini Moshi. Alisomea umeme, wasichana wanne kwenye darasa la wavulana thelathini na sita, akaajiriwa mwaka 1988. Miaka minane baadaye mashirika yalipoanza kupunguza watu, jina lake lilikuwa la kumi na moja kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Alilisoma mara mbili, akakusanya bisibisi zake, akapanda mlimani kurudi nyumbani. Mumewe Yoramu, mwalimu wa shule ya msingi, alimjengea kibanda cha mbao kando ya barabara ya kwenda kanisani, na hapo Yuditha alichomea risasi kwenye redio za watu kwa miaka mitano.

Mwaka 2001 alipata kazi tena. Kampuni moja binafsi ilikuwa imenunua shamba la zamani la serikali kule Kahe, tambarare chini ya mlima, pamoja na kituo kidogo cha kufua umeme kilichokuwa huku juu, Kirua Vunjo. Walitafuta fundi anayejua nyaya za simu na asiyeogopa kompyuta. Waliokuja kuomba kazi hiyo walikuwa tisa. Yuditha peke yake ndiye aliyeomba kwanza kuona mchoro wa mitambo kabla ya kujibu maswali, na mkuu wa mitambo, Injinia Melkior, akamchukua.

Mchoro wenyewe haukuwa mgumu. Kirua, maji ya mto yalizungusha mashine. Umeme ulishuka kwa nyaya kilomita kumi na nane hadi Kahe, ukaendesha pampu zilizopandisha maji kwenye majaruba ya mpunga ya shamba na ya wakulima wadogo waliolizunguka. Kila kituo kilikuwa na breka, yaani swichi kubwa inayofunguka yenyewe kukiwa na hatari. Breka hizo mbili zilifungwa kwa namna kwamba moja ikifunguka, nyingine inafuata kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika, swali lilikuwa moja tu: ipi ilitangulia? Iliyotangulia ndiyo yenye kosa, nyingine imefuata tu.

Jicho la mtu haliwezi kujibu swali hilo. Kando ya kila breka palikuwa na kifaa cha kunasa matukio, kilichoandika kila kilichotokea na saa kilipotokea, hadi sehemu ya elfu ya sekunde, ambayo mafundi huiita milisekunde. Lakini maandishi ya vifaa viwili yana maana endapo tu saa zao zinakubaliana. Ndiyo maana juu ya paa la Kahe palikuwa na antena ya setilaiti. Kompyuta ya Kahe ilipokea saa kutoka angani, na kila sekunde ikaituma Kirua kwa mtandao wa redio, ili saa ya Kirua ijirekebishe. Mtandao huo aliusuka Yuditha mwenyewe, na alijivunia.

Tarehe kumi na tano Februari mwaka 2005, siku ya Jumanne, saa nane na dakika saba mchana, breka zote mbili zilifunguka. Mashine ya Kirua, ikiwa imepoteza mzigo wake ghafla, ilizunguka kupita kiasi na bearing inayobeba mhimili wake ikapasuka. Bearing nyingine ilibidi iagizwe nje. Kwa wiki tatu pampu za Kahe zilisimama, na kiangazi kilikuwa kikali. Vitalu vya mpunga vilikauka vikiwa na miche ya kimo cha kidole.

Siku hiyo zamu ya Kirua ilikuwa ya Sirili. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, Mkatoliki wa Kirua, mwimbaji wa sauti ya nne parokiani, na alikuwa amelinda mashine ile tangu enzi za serikali. Aliitwa Kahe kwenye kikao siku mbili baadaye. Yuditha aliitwa pia, akakaa pembeni na kompyuta yake.

Melkior alisoma karatasi mbili. Breka ya Kirua ilifunguka sekunde ya thelathini na moja na milisekunde mia nne kumi na mbili. Breka ya Kahe, sekunde ileile, milisekunde mia nne thelathini na moja.

"Mzee Sirili, yako imetangulia," alisema. "Na kifaa chako hakikuandika hitilafu yoyote. Breka ikifunguka bila hitilafu, maana yake kuna mkono umeigusa. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakula."

"Unakula nini?"

"Kiburu, ndizi na maharage. Mke wangu alikuwa amenifungia kwenye kibakuli. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mlangoni. Kitufe kiko ukuta wa pili."

"Na kunywa?"

Sirili alimtazama. "Injinia, mimi mbege nakunywa Jumapili, kama watu."

Melkior alimgeukia Yuditha. "Fundi, hizi saa mbili ziko sawa?"

Yuditha alifungua kompyuta. Kwenye skrini palikuwa na ukurasa unaoonyesha tofauti kati ya saa ya Kirua na saa ya Kahe, naye alikuwa akiutazama kila asubuhi kama mtu anavyotazama jiko kabla ya kutoka nyumbani. Ulisema tofauti ni sehemu mbili za milioni ya sekunde.

"Ziko sawa," alisema.

"Imetangulia kwa muda gani?" Sirili aliuliza.

"Milisekunde kumi na tisa, Baba Flavia."

"Hiyo ni kiasi gani?"

"Chukua sekunde moja uigawe vipande elfu. Chukua kumi na tisa."

Sirili akacheka kidogo bila furaha. "Miaka ishirini na saba," alisema, "halafu vipande kumi na tisa."

Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Habari ilishuka na kupanda mlima haraka kuliko gari. Kahe walisema mlinzi wa Kirua alilewa akaegemea kitufe. Huko Kirua kwenyewe kwanza walimtetea, kisha wakaanza kukumbuka mambo. Mtu mmoja alikumbuka kumwona ameshika kata ya mbege siku ya kazi. Ukoo uliokuwa unataka kumwoa binti yake Flavia ulituma ujumbe kwamba safari ya kuleta pombe ya uchumba isubiri kidogo. Kwaya haikumfukuza, ila hakuna aliyempitia kwenda mazoezini, naye akaacha kwenda.

Jumapili ya pili Sirili alifika Old Moshi. Yuditha alikuwa ametoka ibadani, anamenya ndizi nje ya jiko.

"Shikamoo, Baba Flavia."

"Marahaba, Mama Goodness. Sikuja kugombana."

"Karibu kiti."

Alikaa. Alikubali maji, chakula akakataa. Yuditha aliijua maana ya kukataa chakula.

"Nimekuja na swali moja," alisema. "Siku ile ulisema saa ziko sawa. Nani alizipima?"

"Kompyuta inapima yenyewe, kila sekunde."

"Kompyuta ipi?"

"Iliyo Kirua. Inapokea saa ya Kahe, inajilinganisha, inatoa tofauti."

"Kwa hiyo saa ya Kirua ndiyo iliyosema saa ya Kirua iko sawa."

Yuditha aliweka kisu chini. Sirili alinyanyuka, akaaga, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani.

Alichokuwa amekisema kilikuwa cha kweli, na Yuditha aliona aibu kwamba kimesemwa na mtu asiyejua kompyuta. Ile namba ndogo kwenye skrini ilikuwa maoni ya saa kuhusu yenyewe. Ilionyesha jinsi saa ya Kirua inavyofuata kwa utii ujumbe inaoupokea. Haikuonyesha kama ujumbe wenyewe ulifika na ukweli. Kujua hilo kulihitaji saa ya tatu, isiyopitia mtandao ule, ipelekwe Kahe na kisha Kirua, ilinganishwe na kila moja mahali pake.

Kesho yake alikwenda kwa Melkior.

"Unataka kupima nini wakati ripoti imeshaandikwa?" Melkior aliuliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bearing iliyokwama bandarini na wakulima mlangoni kila asubuhi.

"Nataka kupima nilichokisema kwenye kikao."

"Si ulikuwa na uhakika?"

"Nilikuwa nao."

Melkior akampa gari kwa siku moja, mara tu mitambo itakapowaka.

Vifaa aliviomba. Mwalimu wake wa zamani, Martin, aliyekuwa bado anafundisha, alimwazima osiloskopu, kifaa cha skrini ndogo kinachochora umeme kama mstari. Wapima ardhi fulani wa mjini walimwazima kipokezi cha setilaiti wanachotumia mashambani. Kipokezi hicho kilikuwa na tundu linalotoa mpigo mmoja wa umeme kila sekunde inapoanza. Vifaa vya Kahe na Kirua navyo vilikuwa na tundu kama hilo, ambamo hakuna aliyewahi kuchomeka kitu tangu vifungwe. Ukileta mipigo miwili kwenye skrini moja unaona mistari miwili. Mmoja ukikaa juu ya mwenzake, saa ziko sawa. Ikiachana, unapima mwachano.

Alikata nyaya mbili za urefu uleule, ili mpigo mmoja usiwe na safari ndefu kuliko mwingine. Alhamisi ya pili baada ya pampu kuwaka alianza na Kahe asubuhi na mapema. Mistari ilikaa pamoja kama uzi mmoja. Akaandika kwenye daftari, akafunga vifaa kwa blanketi, akapanda Kirua.

Alifika saa nne. Aliweka antena juu ya paa, mbali na migomba, akasubiri nusu saa kipokezi kizikamate setilaiti. Mistari iliachana kidogo, chini ya nusu milisekunde. Alitazama kwa saa nzima. Haikusogea. Nusu milisekunde mbele ya kumi na tisa si kitu. Kwa hiyo saa zilikuwa sawa, na breka ya Sirili ndiyo iliyotangulia.

Hakufurahi wala hakuhuzunika. Alijiambia kwamba sasa angalau amepima. Nyumba ya Sirili ilikuwa dakika tano kutoka kituoni, ndani ya kihamba chao cha kahawa na migomba, na aliona si haki aondoke bila kumwambia uso kwa uso. Aliviacha vifaa vikiwaka, akamwomba mlinzi wa zamu asiguse kitu, akaenda.

Sirili alimsikiliza akiwa amesimama na panga la kukatia majani ya ng'ombe.

"Umepima kwa saa nyingine?"

"Kwa saa nyingine, Baba Flavia. Ya angani, haipiti kwenye mtandao wetu."

"Na ziko sawa."

"Ziko sawa."

"Basi," alisema, akarudi kwenye majani yake.

Yuditha aligeuka aondoke, lakini Kornelia, mke wa Sirili, alikuwa mlangoni. "Mama Goodness, umetoka Kahe tangu alfajiri. Hutapita nyumbani kwangu na njaa, hata kama umeleta habari hiyo." Kukataa kungekuwa kumwongezea jeraha. Alikaa, akasubiri ndizi ziive, akala kiburu, na Kornelia alikaa naye kwa heshima. Walipomaliza ilikuwa saa nane kasoro, na ilimchukua muda kuaga.

Aliporudi kituoni kukusanya vifaa ilikuwa saa nane na dakika kumi. Mistari ilikuwa imeachana.

Alidhani ameona vibaya. Akasogeza kiti. Mpigo wa Kirua ulikuwa nyuma ya mpigo wa setilaiti kwa milisekunde ishirini na sita. Alikagua nyaya, akazibadilisha mahali, mwachano ukabaki uleule. Akafungua ukurasa wa kompyuta: tofauti, sehemu tatu za milioni. Saa ilikuwa imechelewa milisekunde ishirini na sita na yenyewe inasema haijachelewa hata kidogo.

Hakugusa kitu tena. Saa nane na nusu mistari ilianza kusogeleana, na ilipotimia saa tisa kasoro robo ilikuwa pamoja kama asubuhi. Alimwomba Melkior siku moja zaidi, akisema bila kueleza mengi kwamba vipimo havijakamilika. Ijumaa alikaa Kirua tangu saa tatu bila kutoka, na ilipofika saa nane kamili aliiona kwa macho: mstari wa Kirua ukiondoka polepole, kama mtu anayebaki nyuma ya wenzake njiani bila kujua, na dakika ya saba ulikuwa nyuma kwa milisekunde ishirini na sita zilezile.

Ni nini hutokea kila siku saa nane? Hilo alilijua bila kuuliza. Saa nane kompyuta ya Kahe hutuma Kirua nakala za kumbukumbu zote za ofisi, ili Kahe ikiungua ziwepo mahali pengine. Melkior aliomba hivyo mwezi Desemba, na aliyepanga ni yeye Yuditha.

Jumamosi asubuhi alifungua kompyuta ya Kahe. Ndani yake palikuwa na kadi ya mtandao aliyoifunga mwenyewe mwezi huohuo wa Desemba, baada ya radi kuunguza ya kwanza. Kadi ya kwanza ilikuja na mitambo. Hii aliinunua dukani, nzuri, mpya, na siku aliyoifunga mtandao uliwaka mara moja naye akasaini. Hakuwa amesoma kitabu cha kadi ya zamani. Sasa alikisoma, amekaa sakafuni.

Baadaye alimweleza Melkior hivi: "Injinia, chukulia barua. Mtu anaandika tarehe juu ya barua akiwa nyumbani, halafu inakaa mezani siku tatu kabla ya kupelekwa posta. Anayeipokea akiiamini ile tarehe, amedanganyika siku tatu. Lakini posta wanagonga muhuri siku inapoondoka. Kadi ya zamani ilikuwa kama posta. Ilikuwa inagonga muhuri wa saa yenyewe, pale ujumbe unapoingia kwenye waya. Hii mpya haina muhuri. Kwa hiyo programu ya kompyuta inaandika saa kwanza, kisha ujumbe unapanga foleni. Asubuhi hakuna foleni. Saa nane foleni ni ya nakala zetu, na ujumbe wa saa umesimama nyuma yake. Ukifika Kirua unasema saa iliyokwisha kupita."

Lakini kabla ya kumweleza Melkior alikuwa amefanya hesabu moja kwenye daftari, na hesabu hiyo ilimkalisha muda mrefu. Breka zilifunguka saa nane na dakika saba, katikati ya foleni. Saa ya Kirua ilikuwa nyuma. Mia nne kumi na mbili, ongeza ishirini na sita, ni mia nne thelathini na nane. Kahe ilikuwa mia nne thelathini na moja. Kahe ilitangulia kwa milisekunde saba.

Na kama Kahe ilitangulia, kilichoifungua ni kinga yake, kile kifaa kinachopima mzigo na kuamua kama ni hatari. Alivuta karatasi ya mipangilio ya kinga. Kiwango kilichoandikwa kilikuwa cha pampu mbili. Pampu ya tatu ilifungwa mwezi Agosti. Kinga ilirekebishwa wakati huo, lakini baada ya radi ya Desemba ilibidi ipangwe upya, na aliyeipanga alinakili kutoka kwenye karatasi ya zamani. Siku ile ya Februari, kwa sababu ya kiangazi, pampu zote tatu ziliwashwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Chini ya karatasi palikuwa na saini, na ilikuwa yake.

Aliikunja karatasi, akapanda nyumbani. Yoramu alikuwa anapalilia kahawa.

"Mzee Sirili hakugusa kitu," alimwambia. "Ni mimi."

Yoramu aliegemea jembe. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na bila wewe kusema, nani angejua?"

"Hakuna."

"Haya," alisema Yoramu. "Mimi nitakuwepo. Jumatatu nenda mapema."

Melkior alisikiliza habari ya barua na muhuri, akaelewa upesi kuliko Yuditha alivyotegemea. Yuditha alipofika kwenye habari ya kinga, Melkior alinyanyuka akafunga mlango.

"Ripoti imeshafika kwa wenye kampuni," alisema.

"Basi ipelekwe nyingine."

"Tunaweza kuandika kwamba saa zilikuwa na hitilafu ya kifaa, kwa hiyo haijulikani breka ipi ilitangulia. Sirili anarudi kazini. Wewe unabaki. Si uongo."

Yuditha alikiri baadaye kwamba hapo alitamani kukubali. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, ameshawahi kusoma jina lake ukutani mara moja, na mwanawe Goodness alikuwa kidato cha pili. Njia ile ilikuwa wazi na haikuwa na mtu wa kuumia.

"Watasema alilewa ila haikuthibitika," alisema. "Na kinga nitakuwa nimeibadilisha kimyakimya. Hapana, Injinia. Inajulikana ipi ilitangulia. Nimepima."

Aliandika ripoti ya kurasa nne, na picha za mistari alizozichora kwa mkono kutoka kwenye skrini. Melkior aliipeleka bila kubadilisha neno, na jambo hilo Yuditha hakulisahau. Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Sirili arudi kazini mara moja, asafishwe jina. Yuditha apewe barua ya onyo na asiguse kinga yoyote kwa mwaka mzima. Kila atakachokifanya kikaguliwe na fundi mwingine, kijana aliyeajiriwa mwaka uliopita.

Barua ya kumsafisha Sirili ilibandikwa ofisini, ambako wakulima hawaingii. Yuditha aliona haitoshi. Palikuwa na mkutano wa wagawanya maji wa Kahe uliofanyika kila mwezi chini ya paa la ghala, akamwomba mwenyekiti dakika tano. Alisimama mbele ya watu kama sitini, akasema bila kuzunguka: umeme haukukatwa na Sirili. Ulikatwa na kinga ya huku Kahe, na kinga hiyo ilipangwa vibaya, na aliyeipanga ni yeye.

Kisha mwanamke mmoja, Veronika, aliyepoteza vitalu vitatu, alisimama.

"Kwa hiyo ulimwacha mzee wa watu atukanwe mwezi mzima?"

"Nilidhani nimesema kweli, mama. Sikuwa nimepima."

"Mimi nimetukana mtu bure basi. Na miche yangu haitarudi."

"Haitarudi," Yuditha alisema. Watu waliguna, wachache wakazomea, na mwenyekiti akaita ajenda inayofuata. Yuditha alipokuwa anatoka, mzee mmoja asiyemjua alimsogezea baiskeli yake apite.

Kirua alikwenda siku iliyofuata. Sirili alikuwa zamu, amekaa kwenye benchi lake mlangoni. Alimwamkia, Sirili akaitika. Yuditha aliomba msamaha kwa Kiswahili, halafu akarudia kwa Kichagga, kwa lahaja ya kwao Old Moshi, kwa sababu aliona kwa Kiswahili maneno yanafanana na ya ripoti.

Mashine ilibadilisha sauti, Sirili akaingia ndani kuitazama, akarudi.

"Kosa la kinga nimelisamehe," alisema. "Mtu anakosea. Hata mimi mwaka themanini na tatu niliacha lango la mfereji wa mfongo wazi, nusu ya kihamba cha jirani ikaondoka na maji. Ila siku ile kwenye kikao, Mama Goodness, uliulizwa kuhusu saa, ukajibu haraka. Mimi niliulizwa kuhusu mimi, hakuna aliyeamini. Hilo nitalibeba kidogo. Siwezi kukudanganya."

"Sawa, Baba Flavia."

"Umekula?"

"Sijala."

"Kornelia yuko nyumbani. Pitia."

Ukoo wa mchumba ulileta pombe ya uchumba mwezi Juni, na Flavia aliolewa mwaka uliofuata baada ya Pasaka. Yuditha na Yoramu walialikwa, wakakaa meza ya nyuma pamoja na watu wa kampuni. Veronika wa Kahe alikuja kabla ya hapo na gunia dogo la mchele, akaliacha kwa Kornelia bila maelezo mengi. Sirili alirudi kwenye sauti ya nne. Wenzake walimpokea kana kwamba alikuwa safarini, jambo lililomuudhi kwa muda.

Kadi yenye muhuri iliagizwa, ikafika Agosti, na safari hii Yuditha hakusaini siku ileile. Alipima kwa wiki nzima, asubuhi, mchana na jioni, nakala zikitumwa na zisipotumwa, pampu moja, mbili na tatu. Mwachano mkubwa kabisa aliouona kati ya Kirua na Kahe ulikuwa chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Yule fundi kijana, kwa jina Remigius, alikagua kila mstari kama alivyoagizwa, na mwanzoni alikuwa anaona haya kumkagua mtu aliyemzidi umri.

"Usione haya," Yuditha alimwambia. "Uliza. Nilipimaje, kwa saa ipi, saa ngapi ya siku."

Mwaka wa adhabu ulipokwisha Melkior alimrudishia kazi ya kinga. Aliipokea, lakini aliomba ukaguzi wa mtu wa pili uendelee, kwake na kwa fundi mwingine yeyote, na ukawa utaratibu wa kituo. Wenye kampuni waliliuza shamba tena mwaka 2007. Wapya walikuja na watu wao na orodha yao, na safari hii jina la Yuditha halikuwamo kwenye wanaoondoka. Alibaki miaka mingine sita. Kibanda cha mbao kando ya barabara ya kanisani alimkodishia mwanamke anayeuza mbegu za mboga, na watu wa Old Moshi bado humletea redio nyumbani siku za Jumamosi.